Karatasi Thelathini na Moja za Beni

Nilimmwagia Injinia Lubasi chai juu ya meza yake. Sikumpiga, hata kama pale stendi wanasema nilimpiga. Kikombe alinipa mwenyewe, chai ya rangi, bado ina mvuke. Nikakiinua, nikakimimina polepole juu ya ramani aliyokuwa akiichora, mpaka tone la mwisho.

Ilikuwa mara ya tano kwenda ofisini kwake kufuata karatasi za marehemu mume wangu. Mara nne za mwanzo niliambiwa kasafiri, yuko saiti, ana wageni, njoo wiki ijayo. Siku hiyo nilimkuta, na karatasi nikazikuta. Tatu zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake, nyingine zimelala kwenye kabati la vioo. Zote zilikuwa zimekatwa upande wa chini, upana wa vidole vitatu hivi, mahali ambapo Beni alikuwa akiandika jina lake na mtaa aliopima. Juu kidogo ya pale palipokatwa uligongwa muhuri wa ofisi ya Injinia.

"Mbona umezikata?"

"Ni pale chini tu, dada. Palikuwa pamechafuka. Mteja huwezi ukamwonyesha kitu kichafu."

Uchafu aliokuwa akiusema ni damu ya mume wangu. Hapo ndipo nilipochukua kikombe.

"We mama, una wazimu?" Alisimama, anapangusa suruali.

"Kata na hapo," nikamwambia. "Napo pamechafuka."

Nilitoka nimemshika mtoto mkono, bila hata karatasi moja. Nyuma yangu katibu muhtasi wake alikuwa anatafuta kitambaa. Sasa nimetulia, na ninayaandika haya ili atakayeuliza kwa nini nilifanya vile asilazimike kusikiliza maneno ya stendi.

Nilikwenda Romania nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, kazi sina. Familia ya afisa mmoja wa serikali aliyepangiwa kule ilinichukua nikawalelee watoto. Beni nilimkutia hukohuko, Bukaresti, kanisani. Alikuwa mwaka wa tatu akisomea usanifu wa majengo. Yeye wa Mgeta, mimi wa Kinole, kote ni milimani Uluguru. Unasafiri mbali kiasi hicho, halafu unakutana na Mluguru mwenzako anayekuuliza kwenu mnalima iliki au ndizi. Tulifunga ndoa, yule afisa akahamishwa, mimi nikabaki.

Hosteli haikuwa na chumba cha wanandoa. Chuo kilitupa kibali cha kupanga kwa mjane mmoja mzee, Bibi Aurelia, kwenye nyumba iliyojengwa kabla hajazaliwa. Mbele ilikuwa na baraza pana lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye nguzo za mawe zilizosokotwa kama kamba, na juu ya nguzo matao manne, kila tao limekatwa mithili ya jani lenye vidole vitatu. Tao la tatu lilikuwa jembamba kuliko wenzake. Bibi Aurelia alisema fundi alikosea hesabu, na baba yake akakataa libomolewe kwa sababu fundi alikuwa na watoto sita wa kulisha. Kwenye ukuta wa mbele serikali ilikuwa imepaka namba kwa rangi nyekundu. Maana yake nyumba ilikuwa kwenye orodha ya kuvunjwa.

Wakati ule walikuwa wanavunja mji. Mtaa mzima unaamshwa, watu wanapakia vitanda, wiki ya pili pana uwanda na magreda. Makanisa mengine waliyatia reli chini wakayasukuma nyuma ya maghorofa, yasionekane barabarani. Mwalimu mmoja wa Beni aliwaambia wanafunzi wake, bila kuliandika mahali popote, kwamba nyumba iliyopakwa namba ipimwe kabla ya magreda. Tukaanza na ya Bibi Aurelia, kisha kila Jumamosi tulikwenda kupima nyingine. Beni anashika kichwa cha utepe, ananitajia vipimo, mimi naandika kwenye daftari. Baadaye alizichora kwa wino kwenye karatasi kubwa, na tarakimu akaniachia mimi nizijaze, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Kwa hiyo karatasi zile zina mikono miwili. Hilo Injinia hajui.

Jumamosi ninayoikumbuka sana ilikuwa ya mwanzo wa Desemba. Mwanetu Ana alikuwa na miezi mitatu, nimemfunga mgongoni kwa kanga, koti limepita juu. Wanawake wa kule walikuwa wanasimama kutazama ile nundu. Tulipima nyumba ya mbao pembezoni mwa mji, paa lake la vigae vya mbao lilikuwa refu kuliko kuta, na lango lake lilichongwa jua na kamba kutoka juu hadi chini.

"Hili ni baraza la kwetu kabisa," Beni alisema, kapanda kwenye ngazi. "Wanakaa hapa, wanamenya maharage, wanamsengenya jirani."

"Taja kipimo. Mtoto ana baridi."

"Mita mbili na sentimita kumi. Na jirani anasengenywa kwa Kiromania."

Tulipokuwa tunarudi alipita mzee mwenye ufagio. Beni akashusha begani mkebe wake mrefu wa bati wa kubebea ramani, akauweka chini, akavua kofia, ndipo akamsalimu. Kila mzee alimfanyia hivyo. Kwao Mgeta njia ni za mteremko na kila mtu kabeba kabichi au kuni, na mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu mzima hasalimiwi ukiwa na mzigo begani. Unatua kwanza, halafu shikamoo. Kumsalimu ukiwa umebeba ni kumwambia una haraka kuliko yeye. Bibi Aurelia alikuwa akicheka: "Beni wako anasalimia kama anaingia kanisani." Lakini alimpenda kwa hilo.

Wiki mbili baadaye redio ilianza kupiga muziki wa kijeshi tu.

Sitaeleza siasa yao. Niliyoyaona ni haya. Watu walijaa katikati ya mji, wakapigwa risasi, kesho yake wakajaa zaidi. Rais wao akapanda helikopta akakimbia. Mchana ule watu walikuwa wanabusiana barabarani, wamekata nembo ya serikali katikati ya bendera, imebaki na tundu. Bibi Aurelia alitoa chupa aliyokuwa ameificha tangu mumewe alipofariki. Tulidhani yamekwisha.

Jioni milio ikaanza upya, na safari hii hakuna aliyejua nani anampiga nani. Televisheni ikatangaza kuna magaidi, wengine ni wageni kutoka nje, weusi weusi. Ikatangaza maji yametiwa sumu. Tukanywa maji ambayo Bibi alikuwa ameyaweka ndooni kwa kufulia. Ana nilimlaza ndani ya jiko lao kubwa la vigae, tukiwa tumelizima, kwa sababu ndipo palipokuwa na ukuta mnene kuliko kwingine.

Asubuhi tukasikia maktaba kubwa ya katikati ya mji inaungua. Chuo cha Beni kilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Nakwenda kuchukua karatasi," alisema.

"Karatasi?"

"Skola, nyumba nyingi kati ya zile zimeshavunjwa. Zimebaki mule kabatini tu. Zikiungua zimekufa mara mbili."

"Na mimi na mwanao tumebaki wapi?"

"Hapa. Na mimi narudi hapahapa."

Nilimwambia ni mjinga. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, na sijalipamba wala sitalipamba. Bibi Aurelia alimfunga kitambaa cha rangi za bendera yao kwenye mkono wa koti. Akaondoka.

Saa tano alikuwa bado. Nilitoka nikasimama kwenye lango. Mdomoni mwa mtaa watu walikuwa wameweka kizuizi: benchi, mapipa, kabati la nguo. Majirani waliokuwa wakilinda tangu alfajiri walikuwa wamekwenda kupanga foleni ya mkate. Waliokuwepo walitoka mtaa mwingine. Wanaume watatu na askari mmoja.

Nikamwona Beni anakuja. Mkebe begani.

Nilifurahi. Naliandika hilo pia.

"Simama!"

Alisimama.

Aliyeita alikuwa mzee, mvi tupu, kofia ya manyoya. Yeye ndiye aliyeshika bunduki.

Beni alimtazama. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona uso wake. Hakuwa na hofu. Aliona mzee.

Akainamisha kichwa, akaushika mkebe, akaanza kuushusha.

Mlio mmoja.

Nilikimbia. Sikumbuki nikikimbia, nakumbuka nikiwa nimeshafika. Mkebe ulikuwa chini yake, mfuniko umefunguka, karatasi zimechomoza kidogo upande wa chini.

"Nilidhani bunduki," yule mzee alisema. "Nilidhani bunduki. Nilidhani bunduki." Alikuwa amevua kofia.

Askari alifungua mkebe, akakunjua karatasi moja. Ilikuwa nyumba. Akakunjua ya pili. Nyumba.

Akaziviringisha tena, akazirudisha mkebeni.

Alikuwa ameziokoa zote. Thelathini na moja. Damu ilikuwa imeingia kupitia mdomo wa mkebe, na kwa kuwa zilikuwa zimeviringishwa pamoja, kila moja ililowa ukingo wa chini, juu ya jina lake. Bibi Aurelia alizitandaza kwenye sakafu ya baraza siku mbili mpaka zikakauka. Hakujaribu kuzifuta.

Tulimzika kwenye makaburi ya mtaa ule, Mkatoliki katikati ya Waorthodoksi. Padri wao hakuuliza. Misalaba yao ina kipaa kidogo cha mbao juu, mvua isiloweshe jina. Fundi aliyeutengeneza alikataa malipo. Yule mzee wa bunduki alikuja, akasimama mbali. Sikumfuata, naye hakunisogelea. Siku hizo kila mtaa ulikuwa na jeneza lake, na kwenye hospitali walikuwa wamelazwa watoto wa watu waliokwenda kununua mkate. Sikuwa peke yangu, na sikuona kama hilo lilinipunguzia chochote.

Mwili haukuja. Nilirudi Morogoro na mtoto, sanduku la nguo, na mkebe.

Kwa desturi yetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vitu vya mwanamume akifa vinarudi kwa ndugu wa tumbo moja la mama yake. Mimi nimezaliwa Mluguru, sikuambiwa na mtu. Siku ya kumaliza matanga kule Mgeta, ukoo ukiwa umekaa, nilitoa mkebe kwa mikono yangu nikamkabidhi Mjomba Filipo, kaka wa mama yake Beni. Niliumia, lakini sikuona nimedhulumiwa. Kila tulipopanda Mgeta, Mjomba alimkunjulia Ana karatasi moja, akamwonyesha kwa kidole pale chini penye rangi ya kutu.

"Soma."

Ana, kabla hajajua a wala be, alikuwa anasema: "Benedikti. Baba."

Hilo ndilo kaburi alilonalo. Lingine hajaliona, na kwa nauli ninayoijua mimi, hataliona karibuni.

Kisha zikaja hizi siku za ruksa. Viwanda vinauzwa, waliokuwa makarani wa mashirika wamefungua ofisi, mwenye marobota ya mitumba anataka kasri. Pale mjini wanabomoa vibaraza vya maduka ya zamani ya Wahindi ili watie vioo. Injinia Lubasi, aliyekuwa idara ya ujenzi, akatundika kibao chake karibu na stendi. Alisikia kwa watu habari za mkebe. Akapanda Mgeta na pikapu, akamwambia Mjomba karatasi zitaliwa na mchwa, bora azihifadhi yeye, atazitengenezea kitabu chenye jina la Beni juu. Mjomba ni mtu wa kabichi na njegere. Aliona msomi kavaa tai amefika mpaka mlangoni kwake, akaamini. Mimi niliambiwa baada ya mwezi.

Mwaka jana nilikuwa napita mtaa wa Forest, hapa Morogoro, kwenda kwa dada yangu. Nikaona nyumba mpya haijapakwa rangi. Baraza lililoinuliwa. Nguzo za saruji zilizosokotwa kama kamba. Matao manne ya vidole vitatu, na la tatu jembamba kuliko wenzake.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja.

"Mama, unatafuta nani?"

"Aliyechora hii."

"Injinia Lubasi. Kasomea Ulaya yule."

Kosa la fundi wa watu aliyekuwa na watoto sita lilikuwa limenakiliwa Morogoro kwa saruji, kwa sababu aliyenakili hakujua kuwa ni kosa. Ndipo nilipoanza zile safari tano.

Baada ya ile chai nilipanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, nikaenda Mgeta. Mjomba Filipo alikuwa bustanini. Alipandisha kwenye mtaro, akanawa mikono.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Macho hayo yana nini?"

Nikamweleza.

"Zote amekata?"

"Nilizoziona zote."

"Pale kwenye jina?"

"Palepale."

Alikaa juu ya jiwe. "Mimi ndiye niliyempa. Ukitaka kunishitaki, haki yako."

"Sijaja kukushitaki. Nimekuja kuuliza. Karatasi ni zenu. Nikienda Baraza la Kata nitasema nini? Wataniambia, wewe mwanamke unadai mali ya ukoo usio wako."

"Karatasi ni za ukoo," alisema. "Hizo nitazidai mimi. Lakini jina la baba ni la mtoto. Ana ni wa ukoo wenu, lakini jina analibeba la kwetu, na hilo hakuna mjomba anayelirithi. Alichokata ni fungu la Ana. Kaandike."

"Na wewe?"

"Nitakuja kutia dole gumba. Nilimpa nikiwa na akili zangu, basi nitasema mbele za watu kwamba nilikosea."

Akashuka mjini siku ya tatu, kakaa kwenye lori juu ya magunia ya kabichi, amevaa koti la kanisani. Karani wa baraza alitaka kutuandikia yeye, kwa maneno yake. Nikamwambia kuandika najua. Alituambia pia kwamba Injinia naye ameleta malalamiko, kuhusu chai. Nikasema ni kweli nilimwaga, aandike. Hii ndiyo barua niliyoiwasilisha, neno kwa neno.

Kwa Mwenyekiti, Baraza la Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA INJINIA LUBASI

Mimi ni Skolastika, mjane wa Benedikti, ninaandika kwa niaba ya mtoto wetu Ana, umri miaka minne.

Mlalamikiwa alichukua karatasi thelathini na moja za michoro ya nyumba kutoka kwa Mjomba Filipo wa Mgeta, kwa ahadi ya kuzihifadhi na kuzitolea kitabu chenye jina la mchoraji. Badala yake amekata jina la mchoraji kwenye karatasi hizo na kugonga muhuri wake. Ushahidi upo ukutani kwake. Ushahidi mwingine upo Forest, kwenye tao la tatu la baraza la nyumba aliyoichora. Niko tayari kulieleza Baraza kwa nini tao hilo ni jembamba. Yeye aulizwe kama anajua.

Mjomba Filipo anadai karatasi zirudi kwa ukoo wake. Dole gumba lake lipo hapa chini.

Mimi sidai karatasi wala fidia. Ninadai vile vipande thelathini na moja vilivyokatwa, vyenye jina la baba wa mtoto. Damu iliyopo juu yake ni ya baba huyo, aliuawa akiwa amezibeba karatasi hizo. Mtoto hana kaburi analoweza kulifikia.

Kuhusu chai, nakiri. Niko tayari kwa adhabu ya Baraza.

Iwapo vipande hivyo vimekwisha kuchomwa au kutupwa, naomba mlalamikiwa aandike hivyo kwa mkono wake, ataje ni wapi, na atie sahihi jina lake kamili chini ya karatasi, ili nijue nitakachomwambia mtoto.